Kuwa sungura kutaniharibia muda wangu?

Mie_wa_Bububu:
Wenzangu, nimeombwa niwe sungura, yaani mkimbiaji wa kuwashikia wengine kasi, wa kundi linalotaka kumaliza nusu marathoni kwa muda wa saa 2. Hapo ni kila kilomita dakika 5 na sekunde 41, kibendera mgongoni. Lakini mwenyewe nasaka saa 1 na dakika 45, na mbio zangu ziko wiki tatu baadaye. Juzi nilijaribu kasi hiyo Bububu hadi Forodhani, ikanichosha miguu kuliko kasi yangu! Na saa ya mkononi inayonipimia kasi ikikosa kabisa satelaiti ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe.

Mzee_wa_Maisara:
Kubali, ndugu yangu. Ihesabu ndiyo mbio ndefu ya wiki hiyo, usiongeze nyingine. Ila shika breki mapema. Mie nilipokuwa sungura niliwahi kuanza kwa dakika 5:15 kila kilomita, raha za ngoma hizo. Kufika kilomita ya 16 nimebaki na dada mmoja tu, naye ananitazama vibaya.

Bi_Chake:
Wiki tatu zatosha. Maji usiyaruke kwa kuwa unaona rahisi, joto letu unalijua.

Mie_wa_Bububu:
Ahsanteni, nakubali. Kibendera nitaomba kidogo, upepo wa Maruhubi usije ukanitia baharini.