Blogu ya kitaaluma iliyokaa miaka mingi: tupeane uzoefu wa kuitunza

Karafuu wa Wete (mwanzisha mada)

Assalaam alaykum. Mada hii ni ya wahadhiri, watafiti na maalim wa skuli wanaoandika mambo ya fani zao kwenye blogu, khasa wenye blogu za miaka kumi na zaidi. Kuanzisha ni kazi ya jioni moja. Kazi ni kuifanya iendelee kusomeka na kunukulika. Blogger ipo tangu 1999, WordPress tangu 2003, na blogu za Kiswahili zilishika kasi miaka ya 2004 na 2005, walipoanza kina Ndesanjo Macha na Muhidin Issa Michuzi. Nyingi za wakati ule ukizitafuta leo hupati kitu. Taasisi ya Pew ya Marekani ilieleza mwaka 2024 kwamba katika kurasa za mtandaoni zilizokuwepo 2013, asilimia 38 zilikuwa hazipatikani tena ilipofika 2023. Makala ikishanukuliwa kwenye tasnifu ya mwanafunzi, kisha ikapotea, aliyeumia ni mwanafunzi.

Naanza na anwani, kwani hapo ndipo blogu nyingi zinapofia. Usiiweke chini ya tovuti ya chuo peke yake. Chuo kinapotengeneza tovuti mpya, kurasa za wahadhiri huachwa nyuma, na ukihama kazi unaziacha huko huko. Domeni (majina ya tovuti) za .ac.tz ni za taasisi. Mtu binafsi anaweza kuchukua .me.tz, .co.tz au .com. Isajiliwe kwa jina lako, si la kijana aliyekutengenezea tovuti. Na barua pepe ya usajili isiwe ya domeni hiyo hiyo: domeni ikikatika, barua ya kukukumbusha kulipa inakatika nayo. Ukichelewa mno, jina linachukuliwa na watu wa kamari, na kila aliyekunukuu anakuwa anawapeleka wasomaji kwao.

Chengine ni anwani ya kila makala. Ichague fupi, isiyo na mwaka wala jina la kundi la mada, maana makundi utayabadilisha tu. Ikishatoka usiiguse. Ukilazimika kuibadilisha, weka uelekezaji wa kudumu (namba yake ni 301) kutoka anwani ya zamani kwenda mpya. Haya, karibuni.

Maalim wa Tunguu

Waalaykum salaam. Mimi nazungumzia lugha, maana tovuti nyingi za Kiswahili zina kasoro ambayo mwenyewe haioni. Nenda kwenye mipangilio, angalia lugha ya tovuti. Ikiwa imeandikwa Kiingereza huku makala ni za Kiswahili, kivinjari kinaweza kumtolea msomaji pendekezo la kutafsiri lisilo na maana, na programu ya kuwasomea wasioona inatamka Kiswahili kwa sauti ya Kiingereza, haisikiki kitu. Alama sahihi ni «sw». Makala ya Kiingereza ndani ya blogu hiyo hiyo ipewe alama yake «en».

Sasa ile alama ya juu kwenye ng'ombe, ng'ambo na ng'onda. Ukiandika kwenye simu mara nyingi inatoka iliyonyooka. Ukibandika kutoka Word inatoka iliyopinda. Kwa macho zinafanana. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, kwa hiyo msomaji anatafuta «ng'onda» ndani ya blogu yako na anakosa nusu ya makala zinazomzungumzia samaki huyo. Chagua moja. Nashauri iliyonyooka, kwa sababu ndiyo inayopatikana kwa urahisi kwenye kibodi nyingi. Zima marekebisho ya alama kwenye Word kabla hujaandika. Kwa makala za zamani, chukua bekapu kwanza, kisha fanya badiliko moja la jumla kwenye hifadhidata.

Na ukihamisha blogu ya zamani ukakuta «ngâ€™ombe», usianze kufuta kwa mkono. Maandishi yenyewe ni mazima, yamesomwa kwa usimbaji usio wake. Rudia kuingiza faili ukihakikisha pande zote mbili zimewekwa usimbaji wa UTF-8, yatanyooka yenyewe. Ukishaanza kusahihisha kwa mkono unachanganya mazima na mabovu, na hapo hakuna programu ya kuyatenganisha.

Bahari ya Buyu

Hili la ng'onda ni kweli kabisa. Naongeza picha na takwimu.

Picha ya simu ina uzito wa megabaiti tatu mpaka tano. Makala ya picha sita inamla msomaji bando lake kabla hajafika aya ya pili. Punguza upana uwe pikseli 1200, uzito usizidi kilobaiti 150, na chini ya kila picha andika maelezo: nini, wapi, mwezi na mwaka. Jedwali usiliweke kama picha, halitafutiki wala halinukuliki. Liandike kama jedwali, na data zenyewe ziweke pembeni kwenye faili la CSV (jedwali la maandishi matupu).

Kabla ya kupakia, futa taarifa za mahali zilizofichwa ndani ya picha. Simu nyingi huweza kuandika latitudo na longitudo bila ya wewe kugundua. Ukiweka picha ya kiota cha kasa wa Misali au Mnemba na taarifa zake zote, umemchorea ramani mwizi wa mayai.

Halafu namna ya kuandika ili makala isichakae. Maneno kama «mwaka huu», «hivi karibuni» na «bei ya sasa» yafutwe yote. Andika «Machi 2016, mwishoni mwa kaskazi». Viumbe vipewe majina yote pale vinapotajwa kwanza. Chukua mwani: mkulima wa Paje anasema kotoni, mfanyabiashara anaandika *cottonii*, na kwenye majarida ni *Kappaphycus alvarezii*. Spinosamu, mwani wa aina nyengine, ni *Eucheuma denticulatum*. Ukiandika moja tu, wengine hawakufikii. Na ukisema «mwani umekufa» bila ya kutaja upi, umepotosha, kwa sababu kotoni ndiyo inayoshindwa na maji yakipata joto, spinosamu inahimili zaidi.

Mtoto wa Mkoani

Swali, wakubwa. Hivi makala ya blogu inaweza kupata DOI (namba ya kudumu ya kunukulia) kama ya jarida? Na vipi leseni ya maudhui ya mtandaoni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zile shilingi milioni moja?

Karafuu wa Wete

Inaweza. Zenodo, hifadhi ya kazi za utafiti inayoendeshwa na CERN (kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya) tangu 2013, inatoa DOI bure. Geuza makala kuwa PDF, ipakie, jaza namba yako ya ORCID (ya kumtambulisha mtafiti), chagua leseni ya matumizi (CC BY, inayoruhusu kutumia kazi kwa kumtaja mwandishi, inatosha), na kwenye blogu weka mstari wa namna ya kunukuu. Ukisahihisha, pakia kama toleo jipya: kila toleo lina DOI yake, na ipo moja ya juu inayobeba matoleo yote. Usifanye hivi kwa kila andiko, fanya kwa yale yanayonukuliwa. Kwa mengine, peleka anwani ya ukurasa Wayback Machine (hifadhi ya nakala za kurasa za mtandaoni) siku ile ile unayochapisha, pamoja na kurasa ulizoziwekea viungo.

Leseni ya TCRA: milioni moja kwa mwaka na laki moja ya maombi ni za kanuni za 2018. Zilikuja kanuni mpya 2020, zikarekebishwa 2022.  Soma kanuni zinazotumika sasa uone kama zinatuhusu huku Zanzibar na aina yako ya maudhui imewekwa wapi, usifuate habari za mitandaoni.

Bibi wa Kilimani

Wanangu, mmesahau watu mnaowahoji. Fomu ya ridhaa inayosema «ripoti na makala za kitaaluma» haitoshi kwa blogu ya Kiswahili. Jarida la ng'ambo jirani halioni. Blogu yako atasomewa kwenye simu barazani. Kwenye fomu ongeza sentensi ya wazi kwamba maneno yake yatawekwa mtandaoni kwa Kiswahili, na umsomee. Kibali cha utafiti cha Zanzibar nacho hakimalizi suala hili.

Kuficha jina peke yake si kumficha mtu. «Fundi wa ngalawa, miaka 70, shehia fulani ya Micheweni»: hapo sheha, watoto wake na kijiji kizima wameshamjua. Katika umri, kazi na shehia, bakisha kimoja, na badala ya shehia taja wilaya. Nukuu ya neno kwa neno ya lahaja ya Kitumbatu au Kimakunduchi nayo inamtambulisha msemaji. Kama mada ni nyeti, eleza kwa maneno yako.

Ukinukuu Nyaraka za Taifa, andika namba kamili ya jalada pamoja na herufi za mfululizo wake. Picha ya waraka iombee ruhusa kwanza.

Maalim wa Tunguu

Ahsante bibi. Kwenye masahihisho: kosa la tahajia lirekebishe kimya kimya. Kosa la hoja au takwimu usilifute. Lipige mstari, andika sahihi pembeni, na juu ya makala weka tarehe na kilichobadilika. Aliyekunukuu zamani lazima aone alichokinukuu.

Bahari ya Buyu

Tumalizie bekapu. Faili la XML la WordPress (la kuhamishia blogu) linatoa maandishi na maoni, picha halitoi, linabeba viungo vyake tu. Seva ya zamani ikifungwa, picha zimekwenda. Nakili folda ya «uploads» na hifadhidata pia. Nakala ziwe tatu, moja iwe nje ya kisiwa ulichopo. Diski ya nje ichomoe ukimaliza, umeme wa kuchezacheza unaziua, na iweke kwenye kopo la kufunga lenye vile vipakti vya kunyonya unyevu, maana hewa ya chumvi haiisamehe. Kila mwaka jaribu kuirejesha nakala kwenye kompyuta nyengine. Nakala ambayo hujawahi kuifungua usiihesabu.

Na andika karatasi moja: domeni imesajiliwa wapi, inalipwa mwezi gani, nani ana nywila. Mpe mwenzako wa idara na mtu mmoja wa nyumbani.