Maelezo ya zana za mawakala wa akili unde yaandikwe kwa kina gani?

Muulizaji

Wanajukwaa, habari zenu. Ninaandaa seva ya MCP (Model Context Protocol), itifaki ya kuunganisha modeli za akili unde na zana za nje iliyotangazwa na Anthropic mwezi Novemba 2024, ili wakala wa akili unde aweze kusoma na kurekebisha ankara katika mfumo wetu. Zana zenyewe hufanya kazi ipasavyo zinapoitwa na programu za kawaida, na nyaraka zake huwatosha watengenezaji programu wenzangu. Lakini wakala mara huita `tafuta_ankara` pale ambapo `orodhesha_ankara` ndiyo iliyohitajika, mara hutuma tarehe kwa mpangilio usiokubalika, na akipata hitilafu hurudia ombi lile lile bila kubadilisha chochote. Maelezo ya zana ya kwanza ni maneno mawili tu: «Hutafuta ankara.» Je, niingize humo nyaraka zote, au kuna njia nyingine?

Jibu la 1

Ndugu, anza na kile ambacho modeli, yaani mfumo wa lugha unaomwendesha wakala, inakiona. Zana hujitambulisha kwake kwa jina, maelezo na skima ya JSON ya vigezo (muundo unaotaja kila thamani ambayo zana hupokea na aina yake), basi. Mtengenezaji programu akikwama hufungua msimbo, humuuliza mwenzake, au hukumbuka alivyofanya mara iliyopita. Wakala kwa kawaida hana lolote kati ya hayo, kwa hiyo jambo ambalo halikuandikwa atalikisia, na atalikisia kwa namna inayoonekana sahihi kabisa. «Hutafuta ankara» hurudia jina la zana bila kuongeza habari yoyote. Mimi ningeandika hivi:

«Hurejesha ankara zinazolingana na jina la mteja au namba ya ankara, zisizozidi 50 kwa ombi moja, mpya zikitangulia. Itumie unapojua mteja au namba. Ukitaka ankara zote za kipindi fulani, tumia `orodhesha_ankara`. Haibadilishi data yoyote.»

Sentensi inayosema zana isitumike wakati gani ndiyo ambayo waandishi wengi huiacha, na kwa maoni yangu ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa sababu uamuzi mgumu wa wakala ni kuchagua kati ya zana mbili zinazofanana.

Kuhusu vigezo, usiite `tarehe` kitu ambacho ni `tarehe_ya_kuanzia`. Taja kiwango cha ISO 8601, yaani mpangilio wa kimataifa wa kuandika tarehe, na utoe mfano, 2025-03-07, kwa kuwa 07/03/2025 huweza kusomwa kuwa tarehe 7 Machi au tarehe 3 Julai. Kiasi cha fedha kitajiwe kipimo: kama mfumo hupokea senti, andika senti. Na pale ambapo thamani zinazokubalika zinajulikana, kwa mfano «imelipwa», «haijalipwa» na «imefutwa», ziorodheshe ndani ya skima yenyewe badala ya kuzieleza kwa maneno tu, ili seva iweze kukataa thamani nyingine yoyote.

Jibu la 2

Naunga mkono, ila ujumbe wa hitilafu nao ni sehemu ya nyaraka, tena husomwa wakati ule ule unapohitajika. Wakala anayepokea namba 400 (msimbo wa HTTP wa ombi lenye kosa) peke yake hana cha kusahihisha, ndiyo maana anarudia. Mwandikie: «Tarehe ya kuanzia haikusomeka. Tumia mpangilio wa mwaka-mwezi-siku, kwa mfano 2025-03-07.» Ikiwa ni 429, yaani maombi yamekuwa mengi mno, mwambie asubiri kwa muda gani. Zaidi ya hayo, katika MCP hitilafu za utekelezaji hurejeshwa ndani ya matokeo ya zana, alama ya `isError` ikiwa imewekwa, ili modeli izione na kujirekebisha. Ukizipeleka kama hitilafu za itifaki, huenda zisiifikie modeli kabisa.

Jibu la 3

Mimi natofautiana kidogo na Jibu la 1. Maelezo yanapolazimika kufafanua kwa kirefu tofauti ya zana mbili, mara nyingi kasoro iko katika zana. Kwa nini zisiunganishwe kuwa moja, yenye vigezo vya hiari vya mteja, namba na kipindi? Kumbuka pia kwamba maelezo ya zana zote kwa kawaida huingizwa katika muktadha wa modeli (matini yote inayoisoma kwa wakati mmoja) hata zisipotumika, kwa hiyo kumwaga humo nyaraka nzima kunakula tokeni, vipande vya maneno ambavyo modeli husoma, na kuyafunika yaliyo muhimu.

Kuhusu zana zinazorekebisha ankara, andika wazi kama badiliko linaweza kutenduliwa, na kama kuita mara mbili kutaleta malipo mawili. MCP ina alama ya `destructiveHint` kwa ajili ya zana zinazoharibu au kufuta, lakini hiyo ni ishara tu. Ruhusa yenyewe isimamiwe na seva, kwa maana maelezo hayamzuii wakala kufanya lolote.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Nitaziunganisha zana hizo mbili na kuandika upya ujumbe wa hitilafu. Nitajuaje kwamba maelezo mapya yanatosha?

Jibu la 1

Nakubali hoja ya kuunganisha. Ili kupima, kusanya maombi halisi ya watumiaji wako, yakiwemo yale yenye utata, umpe wakala bila msaada wowote, kisha usome kumbukumbu za miito yake: aliita zana ipi, kwa vigezo gani, na alifanya nini baada ya hitilafu. Badilisha sentensi moja kwa wakati, uyapitishe tena maombi yote, maana sentensi inayotibu ombi moja huweza kuvuruga jingine lililokuwa likijibiwa vizuri.