Nina shilingi 30,000: ninunue gita jingine la klasiki au nitengeneze hili la kujifunzia?

Binti wa Lanet (Nakuru)

Wapenzi wa gita, naombeni ushauri wenu. Kwa miaka minne nimejifunza gita la klasiki kwa kutumia gita la plaiwudi aliloniachia marehemu mjomba, na sasa ninajiandaa kwa mtihani wa gredi ya tano wa ABRSM, ile bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki. Nyuzi nene zinatoa sauti kama iliyofungiwa ndani ya gunia, na nikipanda hadi freti ya saba (vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gita) kidole cha shahada huuma kabla sijafika nusu ya wimbo. Nimeweka akiba ya shilingi 30,000, wala sioni namna ya kuiongeza mwaka huu kwa sababu karo ya mdogo wangu inaningoja. Kuna mtu Kisumu anayeuza Yamaha CG122MC iliyotumika, kwa bei inayokaribia kumaliza akiba yote. Mwalimu wangu ananiambia nisubiri, lakini yeye ana gita zuri, kwa hiyo kusubiri si kazi kwake.

Fundi wa Kondele (Kisumu)

Dada, kabla hujatoa hata shilingi moja, chukua rula yenye milimita upime nafasi iliyopo kati ya freti ya kumi na mbili na uzi wa sita, kisha ufanye vivyo hivyo kwa uzi wa kwanza. Gita la klasiki lililowekwa sawa huwa na takriban milimita 4 upande wa uzi mnene na 3 upande wa uzi mwembamba. Ukipata zaidi ya 5, maumivu ya kidole chako hayaletwi na plaiwudi, bali na kile kipande cha mfupa kinachokaa juu ya daraja, pale nyuzi zinapofungwa usoni mwa gita, nacho hupunguzwa kwa msasa. Freti ya kumi na mbili iko katikati ya urefu wa uzi, kwa hiyo ukitaka uzi ushuke milimita 1 pale, huna budi kuondoa 2 kwenye mfupa, tena kutoka chini ili umbo la juu lisiharibike. Wengi husaga kwa pupa mpaka nyuzi zinagonga freti, ndipo wananiletea mimi nianze kutafuta mfupa mwingine wa ng'ombe buchani. Je, nyuzi zako zina umri gani?

Mwalimu Mstaafu (Mbale, Vihiga)

Nakubaliana na fundi kuhusu mfupa, ila nisingependa binti huyu aamini kwamba msasa peke yake utampa sauti anayoitafuta. Mhispania Antonio de Torres, aliyelipa gita la klasiki umbo tunalolijua leo, alitengeneza mwaka 1862 gita ambalo mgongo na mbavu zake zilikuwa za karatasi iliyogandishwa kwa gundi, lakini uso, yaani ubao wa mbele wenye tundu, akauacha wa mbao nzuri, kusudi aonyeshe kwamba uso ndio unaoimba. Kwa hiyo, pesa zako chache zilipie uso wa ubao halisi, wala usihangaike ikiwa mgongo na mbavu si wa mbao za kifahari. CG122MC ina uso wa namna hiyo wa mwerezi, na mwenzake CG122MS ana wa sprusi. Mimi huupenda mwerezi kwa upole wa sauti yake, ingawa huo ni uzee tu. Chungulia ukingo wa tundu la sauti: mistari ya mbao ikiteremka kutoka usoni na kuendelea ukingoni, huo ni ubao halisi, ukiona matabaka, ni plaiwudi, hata muuzaji akiapa.

Jambo jingine: sisi huku tumekulia omutibo, mtindo wa gita wa magharibi mwa Kenya wa akina George Mukabi, unaopigwa kwa nyuzi za chuma, na wapo wanaozifunga nyuzi hizo kwenye gita lolote linalowafikia. Seti ya nailoni huvuta kwa takriban kilo 40, ilhali ya chuma yaweza kupita 70. Muulize muuzaji kwa heshima, halafu mwenyewe uangalie kama daraja limeanza kubanduka upande wa nyuma au kama uso umevimba hapo.

Binti wa Lanet (Nakuru)

Shikamoo mwalimu, na asante fundi. Nimepima na kupata 5.5 kwa uzi wa sita na 4.5 kwa uzi wa kwanza. Kuhusu nyuzi, naona haya kusema: ni zile zile alizoziacha mjomba.

Fundi wa Kondele (Kisumu)

Miaka minne! Basi nusu ya hilo gunia ni nyuzi. Zile tatu nene ni nailoni iliyozungushiwa waya mwembamba, na jasho na uchafu vikiingia humo, uzi hufa ungali haujakatika. Nunua seti ya mkazo wa kawaida, mathalani D'Addario EJ45, na usage milimita 3 za mfupa pande zote mbili, mradi ubaki na kimo cha kutosha juu ya daraja. Gita litapigika, ila halitageuka kuwa la mwerezi; hapo Mwalimu Mstaafu ana haki.

Ukilichukua hilo la Kisumu, usitumie akiba yote, kwa sababu ubao halisi hunywa unyevu na kuutoa. Huku tuko kando ya ziwa, kwenye mita 1,130 hivi; nyinyi mko juu ya mita 1,800, na Januari na Februari hewa yenu hukauka. Uso ukikauka ghafla hupasuka kufuata mistari ya mbao. Liweke ndani ya kasha wakati wote usiolipiga, na kiangazi uweke humo sponji yenye unyevu kidogo ndani ya kisahani cha sabuni kilichotobolewa na chenye kifuniko. Kipima unyevu kikisoma kati ya asilimia 45 na 55, lala usingizi.

Binti wa Lanet (Nakuru)

Nimeagiza nyuzi. Mwalimu wangu amekubali kunisagia mfupa. Jumamosi ijayo nitapanda matatu ya Kisumu nikiwa na rula na gita la mjomba, niyapige yote mawili katika chumba kimoja kabla sijataja bei.