Mjadala: Je, Kuifupisha Mudan Ting ni Kumdhulumu Tang Xianzu?

Wapo wanaoshikilia kwamba yeyote anayeifupisha Mudan Ting, yaani Banda la Maua ya Peoni, tamthilia ya Kichina ya kuimbwa, anamdhulumu mtunzi wake, Tang Xianzu, aliyeikamilisha mwaka 1598 ikiwa na maonyesho, yaani sehemu za tamthilia, 55. Naiheshimu hoja hiyo kwa sababu inatokana na mapenzi ya kweli, lakini naona inachanganya mambo mawili yasiyofanana, kupunguza na kubadilisha.

Ushahidi wao mkubwa ni barua ambayo Tang alimwandikia mwigizaji Luo Zhang'er, akimtaka afuate nakala ya asili na asikubali hata neno moja au mawili yaongezwe au yapunguzwe ili kurahisisha uimbaji. Barua hiyo inatetea maneno. Tang alikuwa amekasirishwa na watu waliorekebisha mashairi yake yalingane na kanuni za muziki, kanuni ambazo Shen Jing, mtunzi mwenzake wa tamthilia, alizitetea kwa nguvu, ilhali Tang aliamini kwamba maana haipaswi kutolewa kafara kwa ajili ya sauti. Kuchagua onyesho moja na kuliimba jinsi lilivyoandikwa ni jambo lingine.

Tena, Kunqu, opera ya kale iliyoanzia Kunshan karibu na Suzhou na ambayo Mudan Ting huimbwa kwa mtindo wake, iliishi kwa vipande teule viitwavyo zhezixi. Du Liniang, binti aliye mhusika mkuu wa Mudan Ting, anaingia bustanini, analala, anakutana na mpenzi wake Liu Mengmei ndotoni: watazamaji wa vizazi vingi walimjua binti huyu kwa maonyesho hayo machache, bila kukaa mbele ya jukwaa hadi anapokufa kwa huba na kufufuka.

Nakiri kwamba kuna mfano unaonitatiza. Mwaka 1956 Shiwu Guan, tamthilia ya karne ya 17, iliandikwa upya na kufupishwa sana, kisha ikachezwa Beijing kwa mafanikio yaliyoiokoa Kunqu ilipokuwa karibu kutoweka. Hapo mabadiliko yenyewe ndiyo yaliyoleta uhai, nami siwezi kuyalaani.

Hata hivyo, toleo la vijana la Mudan Ting lililotayarishwa na mwandishi Bai Xianyong mwaka 2004 lilionyesha njia iliyo bora zaidi: maonyesho 27 kwa siku 3, kwa kanuni ya kukata bila kuandika upya. Mwongozaji Chen Shi-Zheng, kwa upande wake, aliiweka yote jukwaani New York mwaka 1999, karibu saa 20, baada ya maofisa wa Shanghai kuizuia safari ya mwaka uliotangulia. Kazi yake ilirudisha utani mzito wa watu wa kawaida, ambao wafupishaji huuondoa kwanza, na hapo ndipo ninapowalaumu.

Nawauliza wanaotetea ukamilifu: mwigizaji anayeimba onyesho la bustanini peke yake, neno kwa neno, amemnyang'anya Tang kitu gani?