Nyama kwa jumla: nusu ng'ombe, mguu au mchango? Tupeane uzoefu

Mpima Kilo
Wadau, msimu wa kuchangishana ng'ombe umefika. Magrupu ya mtaa yote yana ujumbe uleule: "watu kumi, elfu tisini kila kichwa, nyama mpaka mchoke." Laki tisa hiyo. Hakuna anayeuliza ng'ombe ana kilo ngapi. Wanaojua kazi hii waje na hesabu, tafadhali. Habari za "tulikula vizuri sana" zibaki hukohuko kwenye magrupu.

Mguu wa Nyuma
Nianze na nusu ng'ombe, maana hapo ndipo wengi wanapigwa na hesabu yao wenyewe.

Ng'ombe wetu wa kienyeji mwenye kilo 240 akiwa hai, ukitoa damu, ngozi, kichwa, miguu na matumbo, anabaki karibu nusu: kilo 120 za nyama na mfupa. Nusu yake ni 60. Tuseme mwenye bucha anakupa kwa 9,000 kilo, wakati rejareja anauza 10,000 ya mfupa na 12,000 ya steki, yaani mnofu usio na mfupa. Unalipa 540,000, unaondoka unachekelea.

Nyumbani mnasema hampendi mifupa. Mnatoa kilo 11 za mifupa, kilo 4 za mafuta na mishipa, na kilo moja na nusu imeshapotea kwa maji na unga wa mfupa. Steki imebaki 43 na nusu. Gawanya: kila kilo imesimama 12,400 na ushee. Umenunua jumla kwa bei inayozidi rejareja!

Nyumba inayochemsha mifupa supu, inayoyeyusha mafuta na kuyakaangia, inayotia shingo kwenye mchuzi, hiyo ndiyo inabaki na elfu sitini yake. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza jikoni kwenu mnakula nini.

Dada wa Supu
Mifupa inatupwa? Watu mna hela.

Mzee wa Pugu
Na hizo kilo 240 umezijuaje? Mnadani mtu anakwambia "huyu mia tatu" kwa kuangalia tumbo, na tumbo limejazwa maji asubuhi ile.

Beba futi ya fundi cherehani. Zungusha kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, kwa sentimita. Kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa tako. Kifua mara kifua, mara urefu, gawanya kwa 10,840. Kifua 145, urefu 125, unapata 242. Ni makadirio, lakini yanamnyamazisha dalali. Halafu kata nusu, ndiyo nyama. Aliyekonda sana hafiki hata nusu.

Jingine, ng'ombe aliyeshuka kwenye lori leo usimchinje leo. Mpe maji, alale. Mnyama aliyechoka na kuhangaika nyama yake inatoka nyeusi, kavu, inanata vidoleni, na huoza upesi hata kama ameshushwa mzima wa afya. Ukiiona ya namna hiyo kwenye ndoano, hata kwa punguzo usiipeleke kwenye friza. Hiyo ni ya kupikwa siku hiyohiyo.

Chenji Ndogo
Mzee, futi mnadani watakucheka.

Mzee wa Pugu
Wacheke. Dalali akianza kucheka ujue amekasirika.

Mkata Mafungu
Mnasumbuka na mnada bure. Ng'ombe wa mchango anaharibikia kwenye turubai, saa nne asubuhi, jua linapanda, watu kumi wamesimama na ndoo.

Inavyokuwa ni hivi. Mchinjaji na kijana wake wanakata kwa shoka, na kila kipande kinachotoka kinarushwa kwenye fungu kabla mnyama hajaisha kukatwa. Wameanza na mapaja, kwa hiyo mafungu ya kwanza yamejaa mnofu. Wakifika mbavuni na shingoni, mafungu ya mwisho ndiyo yanajazwa. Kwa macho yote kumi yanalingana, maana mbavu zinachukua nafasi. Sasa atokee mmoja na mzani: fungu la kwanza kilo 13, la nane kilo 9. Hapo makelele yanaanza. Mwenye 13 anasema "lakini mimi nina mifupa pia." Mwingine anachomoa kipande kwa mwenzake. Mtu anauliza ini liko wapi. Ini limeondoka na matumbo, mchinjaji anasema ndiyo makubaliano. Makubaliano na nani? Mwandalizi anaangalia simu. Nzi wamefika, jua limefika, nyama inakaa saa mbili zaidi kwa sababu ya ugomvi wa kilo nne.

Dawa yake ipo ya zamani. Kabla kisu hakijashika, semeni mbele ya wote: kichwa, ngozi, miguu na matumbo ni vya nani, na kama ndivyo ujira wa mchinjaji au analipwa fedha. Mnyama akatwe wote kwanza, kila aina mahali pake: mnofu huku, mbavu huku, shingo na kidari huku, mifupa mikubwa huku, ini na moyo kwenye sinia. Kisha gawanya aina moja moja kwa mzani. Kilo 120 kwa watu kumi, ukitoa vinavyopotea, kila fungu lisimame kwenye 11 na nusu. Mwisho mtu mmoja ageuke ampe kisogo mgawaji. Mgawaji anagusa fungu, anauliza "la nani?", aliyegeuka anataja jina. Imekwisha. Hata mgawaji hajui atapata lipi, ndiyo maana atagawa kwa haki.

Dada wa Supu
"La nani?" Umenichekesha, lakini ndivyo ilivyo.

Boss wa Nundu
Umeruka sarara, ule mnofu laini wa kiunoni. Sarara ni ya mwandalizi. Ameamka usiku, amekwenda mnadani, amepiga simu ishirini.

Mkata Mafungu
Alipwe nauli, apewe na asante. Sarara isiguswe.

Boss wa Nundu
Sarara ya ndani ya kiuno kwa ng'ombe wa kilo 120 za nyama ni kama kilo moja na robo kila upande. Mbili na nusu jumla. Kwa watu kumi ni robo kilo kila mmoja. Mnagombea robo?

Mkata Mafungu
Kama ni robo tu, mbona mnaificha kwenye kandoo?

Chenji Ndogo
😂😂 Kandoo ka mfuniko wa bluu.

Mpima Kilo
Jamani turudi. Bucha je?

Mwana wa Isiolo
Kama huna watu wa kuaminika, achana na ng'ombe mzima. Chukua mguu wa nyuma peke yake, yaani robo nzima ya nyuma. Kwa nusu ng'ombe yenye kilo 60, mguu wa nyuma ni kilo 28 hadi 30, una mnofu mwingi kuliko mkono na mbavu. Bei yake kwa kilo itakuwa juu kidogo, lakini mfupa ni mchache. Huo ndio ununuzi wa jumla wa familia ya watu sita.

Uione ikiwa bado inaning'inia. Utafute muhuri wa mkaguzi wa nyama kwenye ngozi ya mafuta, kila robo ya mwili ina wake. Ikishakatwakatwa muhuri hauonekani na maneno ni yale ya muuzaji tu. Ipimwe mbele yako kabla haijakatwa, na ukatwaji uuone.

Mguu wa Nyuma
Mzani nao. Tanzania uwe na stika ya Wakala wa Vipimo, ya mwaka huu. Na ukiwa na wasiwasi nenda na chupa ya maji ya lita moja na nusu ambayo haijafunguliwa. Ni kilo moja na nusu na kidogo ya chupa yenyewe. Ikisoma kilo mbili, salimia uondoke.

Mama Barafu
Ngojeni. Mmepima, mmegawa, mmepata. Mimi nitawapa kisa cha friza, maana hapo ndipo laki tano inageuka uvundo.

Nyumba moja ya Tabata, sitaitaja. Friza la kufungulia juu, lita 300. Nusu ng'ombe imetoka machinjioni alfajiri, saa tatu iko nyumbani, ukiigusa ina joto la mwili. Wakaipanga kwenye mifuko ya kilo tano tano, wakaijaza mpaka juu, wakafunga mfuniko. Wote wakalala wakijua wameiokoa. Siku ya tatu ya juu imekuwa jiwe. Ya katikati mfuko umevimba kama mpira, wanaufungua, rangi ya kijani karibu na mfupa, na harufu iliyotoka watu walihama sebule. Kilo 20 na zaidi zikaenda shimoni.

Friza haikuharibika. Nyuma au ndani ya mlango wa friza kuna kibandiko, kimeandikwa uwezo wa kugandisha kwa saa 24. Za nyumbani za lita 200 hadi 300 nyingi zake ni kati ya kilo 10 na 20. Hazikutengenezwa kupoza kilo 60 za moto. Nyama ya nje inaganda kwanza na kugeuka blanketi, ya katikati inabaki na joto lake siku nzima, haina hewa, na vijidudu vinavyopenda kukosa hewa vinafanya sherehe kandokando ya mfupa.

Chenji Ndogo
Sherehe kandokando ya mfupa. Sili leo.

Kitasa
Kumbe! Watu husema "friza ni mbovu" wanaita fundi.

Fundi Baridi
Tunaitwa sana. Tukifika gesi ipo, kompresa inapiga, tatizo ni nyama.

Mpima Kilo
Mama Barafu, sasa afanyeje? Uzi wote umehamia kwako.

Mama Barafu
Bora ilale kwa mwenye bucha kwenye chumba cha baridi usiku mmoja, ikining'inia. Inakuwa laini pia. Nyama ikigandishwa kabla haijamaliza kukakamaa inajikunja na kuwa ngumu kama kandambili, hata uichemshe saa tatu.

Kama hakuna chumba cha baridi, punguza unachonunua. Washa friza jana yake kwenye baridi kali kabisa. Kata pakiti za kilo moja, zilaze ziwe bapa kama daftari, unene wa vidole viwili, zisipandane mpaka zigande. Weka kilo 12 hadi 15 tu kwa siku, nyingine ikae kwenye friji upande wa chakula, isizidi siku mbili. Ya kusaga ianze, ndiyo inayoharibika haraka. Andika tarehe kwa marka. Ya kusaga na maini maliza ndani ya miezi mitatu, minofu mikubwa inafika sita bila shida.

Bi Ndimu
Ioshe kwanza, itie ndimu na papai, ndipo ugandishe. Inakuwa laini.

Mama Barafu
Usioshe. Maji yanaganda, pakiti zinashikana kuwa tofali. Na papai linafanya kazi kila nyama inapoyeyuka, utatoa uji.

Bi Ndimu
Nyama iliyokatwa kwenye gogo ina vipande vya mfupa na takataka nyingine, unaiwekaje bila kuosha? Uchafu huo!

Mama Barafu
Kwangua kwa kisu, futa kwa kitambaa kikavu safi. Utaosha siku ya kupika.

Bi Ndimu
Kwetu tunaosha.

Chenji Ndogo
Tuweke kura, tugeuke kisogo: "la nani?"

Fundi Baridi
Umeme ukikatika, msifungue mfuniko kila dakika kuangalia. Friza iliyojaa inashika baridi saa 48, ya nusu saa 24. Nafasi tupu jazeni chupa za maji. Umeme ukirudi na nyama bado ina barafu ndani, rudisheni. Iliyolegea na kupata joto, tupeni, hata kama inauma.

Mwana wa Isiolo
Ama msitegemee umeme kabisa. Kwetu kaskazini mwa Kenya kuna nyirinyiri, nyama ya kukausha na kukaanga. Kata mnofu vipande virefu vyembamba, anika mpaka ukauke juu, kisha ukate vidogo kama punje za maharage. Kaanga kwa moto wa wastani kwenye mafuta mengi hadi mapovu yaishe na vipande viwe vya kahawia. Mapovu ni maji yanayotoka. Yakiwa bado yapo ukaitoa, itaota ukungu. Weka kwenye chombo kikavu, mimina samli iliyoyeyuka mpaka ifunike, kijiko kiwe kikavu daima. Inakaa miezi. Kilo tano za mnofu zitakuwa bakuli moja tu, usishtuke.

Dada wa Supu
Na chai ya rangi! Nimeona njaa.

Baridi ya Minnesota
Huku Marekani nako tunachangia kwa mkulima, hesabu ni nyingine. Unalipia uzito wa nyama ikiwa inaning'inia, na machinjio unailipa kivyake kwa kukata na kufunga. Inatundikwa siku 10 hadi 14, inakauka, kisha mifupa inatoka. Nusu ng'ombe yenye kilo 160 ikining'inia, mkononi zinafika 100 na kidogo, watu hudhani wameibiwa. Jaza ile karatasi ya ukataji: unene wa steki, mifupa ya supu unaitaka, maini unayataka. Usipoandika mifupa na matumbo, hayaji. Na pakiti zikija na muhuri wa kwamba haziuzwi, kweli usiuze, ni nyama ya mwenye mnyama.

Kitasa
Mtu wa Dar abebe kwenye nini? Mifuko ya rambo haipo tangu Juni 2019 na hii ya kitambaa inavuja damu kwenye daladala.

Mguu wa Nyuma
Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, kilo 15 zinaingia vizuri. Chupa mbili za barafu juu. Na usipande daladala ya saa moja.

Mpima Kilo
Haya, nimeongea na mwandalizi wetu mtaani. Amekubali futi, mzani na kisogo. Amekataa jambo moja tu: anauliza mkia mmoja watu kumi unagawanywaje.

Boss wa Nundu
Mkia ni wa mwandalizi.

Mkata Mafungu
Tunaanza tena.