Ndevu za kidevuni kwa mwanamke: je, tiba ya mwanga ni salama kwa ngozi nyeusi?

Muuza Mawese, Ujiji

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni mwanamke wa miaka 29, na kwa miaka tisa sasa ninaota ndevu chini ya kidevu na pembeni mwa taya. Kila alfajiri, kabla wenzangu nyumbani hawajaamka, hukaa dirishani na kioo cha mkononi na kibano nikazing'oa moja moja, na zikinizidi hunyoa kwa wembe. Ngozi sasa imejaa vipele na madoa meusi, na ushungi ukibana kidevu vipele hivyo huniwasha mchana kutwa.

Nimedunduliza fedha kutokana na biashara yangu, na saluni moja imeniahidi kwamba mashine yao ya mwanga itazimaliza ndevu hizi kwa kupigwa mara tatu tu, zisirudi tena maishani. Ngozi yangu ni nyeusi sana. Naomba wenye ujuzi waniambie iwapo ahadi hiyo ni ya kweli, na iwapo sitaungua.

Muuguzi Mstaafu, Tabora

Wa alaykum salaam, mwanangu. Fedha yako ishike kwanza, kwa sababu ahadi uliyopewa si sahihi, ingawa tiba yenyewe ipo na inafanya kazi.

Mwanga wa leza hufyonzwa na melanini, yaani ile rangi nyeusi iliyomo ndani ya unywele, ukageuka kuwa joto, na joto hilo hushuka hadi kwenye shina na kuliharibu. Taabu yetu sisi wenye ngozi nyeusi ni kwamba melanini hiyo hiyo imejaa kwenye ngozi pia, kwa hiyo mwanga usiochaguliwa vizuri huishia juu, ukaunguza ngozi kabla haujafika kwenye shina. Ndiyo maana swali la kwanza la kumuuliza mwenye mashine ni aina ya mwanga wake. Leza ya aleksandraiti, yenye mawimbi ya nanomita 755, huwafaa zaidi watu weupe. Kwa ngozi kama yako na yangu, inayopendekezwa ni ile ya Nd:YAG, ya nanomita 1064, kwa kuwa mwanga wake hupenya ndani zaidi na haufyonzwi sana na rangi ya ngozi. Mashine nyingi za saluni si leza kabisa. Hutoa mwanga mkali wa mawimbi mchanganyiko, na hizo ndizo zinazowaunguza wengi. Hata zile ndogo za kutumia nyumbani huja na chati ya rangi za ngozi inayowakataza watu weusi sana kuzitumia.

Kuhusu mara tatu: nywele za mwili haziko katika hatua moja kwa wakati mmoja. Zipo zinazokua, zipo zinazosinyaa na zipo zilizopumzika, na leza huharibu vizuri zile zinazokua tu. Kwa hiyo watu wengi huhitaji mara sita hadi nane, kwa kupisha wiki nne hadi nane, na baada ya hapo wengine hurudi mara moja moja kwa mwaka. Mamlaka ya dawa ya Marekani huruhusu watengenezaji wa leza kusema kwamba nywele "hupungua kwa kudumu". Haiwaruhusu kusema kwamba huondoka zote. Njia inayotambuliwa kuwa ya kuondoa moja kwa moja ni ya umeme, ambapo sindano nyembamba sana huingizwa kwenye kila shina. Ilianza mwaka 1875, mikononi mwa daktari wa macho wa Marekani aliyekuwa akitibu kope zinazoota kuelekea ndani ya jicho. Haichagui rangi ya ngozi wala ya unywele, ila huenda polepole mno, na mwenye ngozi ya kuota makovu yaliyovimba lazima aseme mapema.

Sasa lililo kubwa kuliko mashine. Ndevu nene kwa mwanamke mara nyingi hutokana na homoni, hasa ile hali ya ovari kuwa na vifuko vidogo vingi. Je, hedhi yako huja kwa mpangilio? Usipochunguzwa hilo, utalipia leza huku mwili ukiendelea kuotesha nyingine. Na kama zingekuwa zimetokea ghafla ndani ya miezi michache, pamoja na sauti kuwa nzito, ningekuambia uende hospitali leo hii.

Mama Wawili, Kigoma Mjini

Dada yangu, mimi niliungua. Sitataja mahali, lakini haikuwa hospitali, na aliyenihudumia hakunijaribu kwanza kwenye sehemu ndogo ya ngozi. Nilisikia mchomo kama wa mafuta ya moto. Nilipolalamika nikaambiwa nivumilie kwa kuwa ndivyo inavyofanya kazi. Kesho yake nilikuwa na malengelenge ya mstatili, umbo lile lile la kichwa cha mashine, yamejipanga shingoni kama matofali. Yalipopona yaliacha madoa meupe yaliyochukua zaidi ya mwaka kurudi rangi yake. Mchomo mdogo kama wa mpira uliovutwa na kuachiwa ni wa kawaida. Ukizidi hapo, mwambie asimamishe, na usimwonee haya.

Mkazi wa Nzega

Mimi ni mwanamume, na tatizo langu lilikuwa vipele vya ndevu, zile nywele za kujisokota zinazorudi kuingia ndani ya ngozi. Nilitibiwa Dar es Salaam kwa daktari wa ngozi, kwa leza ya 1064, mara saba. Vipele vimekwisha kwa sehemu kubwa. Ndevu chache zimerudi, lakini ni laini kama malaika ya mkononi. Zile mvi hazikuguswa hata moja, kwa kuwa hazina rangi ya kufyonza mwanga.

Muuza Mawese, Ujiji

Ahsanteni sana. Shikamoo mama. Hedhi yangu hupotea hata miezi mitatu, na sikuwahi kufikiri kwamba inahusiana na kidevu. Nitaanza na hospitali ya Maweni. Je, wakati nikisubiri nifanye nini? Na mtu ameniambia kwamba nikienda kwenye leza nijipake dawa ya ganzi kwa wingi.

Muuguzi Mstaafu, Tabora

Marahaba, mwanangu. Ganzi usijipake mwenyewe. Mwaka 2007 mamlaka hiyo hiyo ya Marekani ilitoa onyo baada ya wasichana wawili kufariki: walijipaka dawa ya ganzi miguuni, wakazungushia plastiki ili ikolee, wakiwa wanajiandaa kwa leza. Dawa iliingia kwenye damu kupita kiasi.

Daktari anaweza kukuandikia vidonge vya kupanga homoni. Ipo pia krimu ya eflonithini, inayopunguza kasi ya kuota kwa ndevu mradi unaendelea kuipaka. Usipake krimu za kujichubua, na mwambie daktari ikiwa una mimba au unaitafuta.

Kibano kiache kuanzia leo. Kung'oa kunazidisha vipele, na ukija kufanyiwa leza, shina lisipokuwepo mwanga hauna cha kushika. Nyoa kwa wembe mpya, ngozi ikiwa imelowa maji ya uvuguvugu, ukifuata nywele zinakolalia, wala usiivute ngozi. Siku ya kwenda Maweni, andika kwenye karatasi tarehe za hedhi zako zote unazozikumbuka.