KDB anaondoka City bure: United tumchukue au tumuache apite?

Namba Sita Mkongwe (26 Mei 2025)

Wakuu habari za usiku. Poleni Mashetani wenzangu, ligi imeisha tumeshika nafasi ya 15 na pointi 42, fainali ya Europa tumefungwa na Spurs ambao wao wenyewe wamemaliza wa 17, yaani mwakani Ulaya tutaiangalia kwenye TV, kwa hiyo nimekaa nikawaza jambo, naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjaanza matusi.

KDB, yaani Kevin De Bruyne, kiungo wa Man City, mkataba wake unaisha mwezi ujao. Mchezaji huru, hamna ada ya uhamisho. Najua tarehe 28 Juni anatimiza 34, najua nyama za paja zinamsumbua, najua na juzi mechi yake ya mwisho ya nyumbani na Bournemouth kakosa goli lango liko wazi akagonga mwamba, yote najua. Ila sisi ukimtoa Bruno nani mwingine anapiga pasi ya mwisho? Na mwakani hatuna mechi za katikati ya wiki za Ulaya, ni ligi na vikombe vya ndani tu. Mtu wa miaka 34 mechi moja kwa wiki inamshindaje, tena hata akipiga dakika 60 akatoka. Mambo ya City na United msiniletee, Tevez alitoka kwetu akaenda kwao na dunia haikuisha.

Ungekuwa wewe ndo kocha wetu Amorim ungempa mkataba wa mwaka mmoja? Nawasilisha.

Kipa wa Akiba

Mleta uzi kapime malaria kwanza halafu urudi. Nyie ndo mnaongoza duniani kwa kuokota mastaa wakishakwisha, Falcao, Schweinsteiger, Ronaldo mara ya pili, mnaposti picha jezi zinauzwa Agosti, ikifika Novemba vilio. Mi Arsenal lakini kuna muda nawaonea huruma ya kweli.

Mzee wa Kandanda

Namba Sita umeuliza vizuri, ngoja nikupe historia maana wengine humu mpira mmeanza kuangalia juzi.

2009 Ferguson alimchukua Michael Owen bure kutoka Newcastle iliyokuwa imeshuka daraja. Mawakala wake walikuwa wameshamtengenezea brosha kabisa ya kumnadi kwa timu, kueleza jamaa si wa kuumiaumia kama watu wanavyosema. Akapewa namba 7 iliyoachwa na Ronaldo, tukacheka sana. Basi huyo huyo akafunga lile goli la dakika ya 96 na City, 4-3 pale Old Trafford, akapiga hat-trick kule Wolfsburg, na 2011 akavaa medali ya ligi. Ukijumlisha miaka yake mitatu alicheza kidogo mno na hakuna aliyelalamika, unajua kwanini? Mbele yake kulikuwa na Rooney na Berbatov, baadaye akaja Chicharito. Owen alikuwa pilipili, ugali ulikuwepo tayari mezani.

Sasa njoo 2014. Falcao kaumia goti Januari akiwa Monaco, Kombe la Dunia akalikosa, sisi siku ya mwisho ya usajili tarehe 1 Septemba tukamleta kwa mkopo kwa mshahara wa kutisha, na siku hiyo hiyo tukamuuza Welbeck, mtoto wa Manchester hapo hapo, kwenda Arsenal kwa paundi milioni 16. Falcao kamaliza ligi na mechi 26 goli 4. Na hakuwa mzee, alikuwa na 28! Kinachouma zaidi ni kwamba baadae akarudi Monaco akapiga goli 21 za ligi wakabeba ubingwa wa Ufaransa 2017. Kwa hiyo mpira ulikuwepo, sisi tulimchukua kwenye muda wake wa kupona tukawa tunamlipa kama mtu aliyeshapona.

Schweinsteiger sitaki hata kumzungumzia.

Halafu Hargreaves. Huyu alitoka kwetu akaenda City. Magoti yote yamekwisha, akawa anajirekodi anafanya mazoezi anaweka YouTube watu waone yuko fiti, City wakaamini wakamchukua 2011, kacheza mechi 4 jumla. Hao City wanalijua hili somo vizuri, wala usidhani wamemuachia KDB kwa bahati mbaya.

Namba Sita Mkongwe

Mzee shikamoo. Nimekuelewa ila mbona umemruka Van Persie? Arsenal huyo alikuwa kila msimu yuko kwa daktari, tumemchukua 2012 ana 29, paundi milioni 24, kafunga 26 kwenye ligi tukabeba ubingwa wa 20 na hatujabeba tena mpaka leo. Zlatan kaja na 34 bure kabisa, goli 28 msimu wa kwanza, fainali ya Kombe la Ligi na Southampton kafunga mawili peke yake. Cavani kaja na 33, goli 17. Hao nao mlisema tumeokota wazee.

Mzee wa Kandanda

Marahaba. Na Zlatan aliishia wapi? Aprili 2017, Anderlecht, goti. Cavani msimu wa pili goli 2. Sisemi hawakufaa, nasema ulinunua msimu mmoja, shida yetu huwa tunaupenda huo msimu mmoja tunaongeza mkataba.

Mkanda Misuli

Mimi nafanya kazi ya kuwahudumia wachezaji kwenye timu moja ya Championship hapa bongo, vifaa vyetu ni barafu na mikono, ila misuli ya binadamu ni ile ile hata ukiwa Manchester. Naomba niongee kidogo kuhusu hiyo "mechi moja kwa wiki".

Nyama za nyuma ya paja zikichanika zinapona kwa kuacha kovu, na pale penye kovu hapavutiki kama mwanzo. Kitu kinachotabiri kuumia tena kuliko vyote ni kwamba ulishaumia pale pale, umri unakuja kuongezea juu. Sasa angalia mtiririko wa jamaa: fainali ya Champions League 2023 na Inter katoka dakika ya 36, paja. Miezi miwili baadae mechi ya kwanza kabisa ya ligi na Burnley, paja lile lile, safari hii akafanyiwa upasuaji akakaa nje mpaka Januari 2024. Aliporudi aliingia sub pale Newcastle akafunga moja akatoa pasi ya goli la ushindi, 3-2, kila mtu akasahau. Msimu huu akaumia tena mapema tu Septemba. Huo si mkosi.

Kupumzika siku sita kunasaidia uchovu, ila msuli hauchaniki kwa uchovu peke yake, unachanika kwenye ile spidi ya ghafla au kunyoosha mguu kupiga mpira kwa nguvu, hata uwe umelala wiki nzima. Na mfumo wa Amorim wale namba kumi wawili wanatakiwa wakabe na kukimbia kurudi. Ungemuweka wapi? Kama ni mtu wa kuingia dakika ya 65 wapinzani wamechoka, mimi kitabibu nakubali. Kama ni wa kuanza kila Jumamosi, hapana aise.

Jamaa wa Umoja

Wasee wa TZ salimianeni. Mimi ni United damu lakini hii story ya "bure" ndio huwa inanimaliza. Hakuna kitu bure hapo. Ile pesa ungelipa club, player anaitaka kama signing fee, agent pia anakula, na mshahara inapanda. City inasemekana alikuwa anakula karibu paundi 400,000 kwa wiki, hata akubali nusu bado ni pesa mob. Na hii ni club imeondoa lunch ya bure ya wafanyikazi wake mwaka huu eti inasave! Unafuta watu kazi halafu unalipa mtu akae physio?

Angalieni Neymar na Al Hilal. Wamemnunua Agosti 2023 kama euro milioni 90, Oktoba ameenda kuchezea Brazil dhidi ya Uruguay goti ikaenda, wakavunja mkataba Januari hii. Mechi saba. Saba! Saudi wako na mafuta bana, sisi tuko na bosi Ratcliffe wa kubana matumizi.

Mimi ningemchukua kwa condition moja, basic kidogo halafu alipwe kwa mechi amecheza. Akikataa, ujue hata yeye mwenyewe haamini hiyo mguu.

Dada wa Msimbazi

Jamaa wa Umoja umenikumbusha Kagere, si ndo tuliwachukulia nyie Gor Mahia 2018. Alivyotua Simba humu kulikuwa na nyuzi za ajabu, eti babu, eti pasipoti ina uongo, eti tumeokota mzee. Babu akapiga goli 23 msimu wa kwanza, akarudia tena 22 uliofuata, mfungaji bora mara mbili mfululizo.

Ninachotaka kusema, humu mnachanganya vitu viwili. Uzee peke yake hauna shida sana, mzee anapungua taratibu, unamuona leo kapunguza hatua kesho kapunguza nyingine, kocha anapanga timu akijua. Majeraha hayapigi hodi. Kagere alikuwa mzee ila Jumamosi ikifika yupo. Mimi bora mzee wa 36 anayefika uwanjani kuliko wa 27 wa kumsubiri kwenye taarifa ya daktari. De Bruyne ana vyote viwili sasa.

Kipa wa Akiba

Dada leo umeongea kama mtu wa Yanga, akili nyingi 😂

Winga Teleza

Mi Chelsea, niruhusuni. Mbona hamna aliyemtaja Thiago Silva? Katua 2020 bure kutoka PSG, 35 anaenda 36, wachambuzi wote wakasema ligi ya Uingereza itamuua. Kakaa misimu minne.

Ila ngoja niwaambie kitu ambacho watu wanakisahau. Fainali ya Champions League 2021 na City, kule Porto, Silva aliumia, dakika ya 39 tu katoka. Mechi kubwa kuliko zote tulizocheza miaka ile, beki wetu mkuu mwenye miaka 36 nyonga imegoma kipindi cha kwanza. Kaingia Christensen, City hawakupata kitu, 1-0. Sasa mechi HIYO HIYO upande wa pili De Bruyne kagongana na Rudiger katoka dakika ya 60, kaingia Jesus, na City wakaisha pale pale kutengeneza nafasi. Miaka miwili mbele fainali ya Inter, De Bruyne katoka mapema zaidi, kaingia Foden, wakabeba.

Kwa hiyo swali la mleta uzi mi naliona limekaa kinyume. Usiniulize kama De Bruyne ataumia, ataumia, hilo tuliweke kabisa kwenye bajeti. Niulize akiumia Oktoba nani anaingia. Timu yenye jibu inaruhusiwa kumsajili. Nyie wa nafasi ya 15 jibu lenu ni nani? Mount? Naye yuko kwa daktari huyo huyo 😂😂

Namba Sita Mkongwe

Hapo kwa Mount umenivunjia heshima lakini sina jibu, niacheni nilale.

Kipa wa Akiba (25 Oktoba 2025)

Naufufua uzi huu. Namba Sita upo? Nipo kibandaumiza TV mbili, hii Napoli na Inter, hii nyie na Brighton. De Bruyne wako, aliyeishia Napoli, kapiga penati dakika ya 33, kafunga, hapo hapo kashika nyuma ya paja, hata kushangilia hajashangilia. Kabebwa huyo. Oktoba kama Winga alivyosema!!

Namba Sita Mkongwe

Nipo. Mbona hukuja Agosti alivyofunga kwa faulo mechi yake ya kwanza ya ligi na Sassuolo? Ana goli 4 za ligi ndani ya miezi miwili, msiongee kama kaenda kulala.

Mzee wa Kandanda

Tatu penati.

Winga Teleza

Na cheki Napoli wameshinda 3-1 bila yeye, McTominay kafunga. Mchezaji bora wa Serie A msimu uliopita, mliyemuuza nyie. Ndo nilichokuwa nasema kuhusu nani anaingia, wao walishabeba ubingwa kabla huyo mzee hajaja, kwa hiyo wanauguza jeraha, nyie mngekuwa mnauguza msimu.

Jamaa wa Umoja

Lakini tukubali, ile pesa tuliweka kwa Cunha, Mbeumo na Sesko, na leo 4-2, Mbeumo mbili. Wacha nifurahie kidogo, sijafurahi tangu 2013.

Dada wa Msimbazi

Na la Brighton la kwanza kafunga nani, kwa faulo, pale pale Old Trafford? Welbeck. Yule mliyemuuza siku ya Falcao. Ana 34, magoti na vifundo vyake vimeshapasuliwa huko nyuma, Brighton walimuokota bure 2020 Watford waliposhuka, na msimu uliopita kafikisha goli 10 za ligi kwa mara ya kwanza maishani. Mshahara wa kawaida, hakuna aliyemuita mkombozi, akiumia timu inaendelea. Sijui mnataka mfano gani mwingine.

Namba Sita Mkongwe

Sawa nimekubali kwa KDB. Ila Lewandowski mkataba wake Barca unaisha Juni mwakani, yule si mtu wa majeraha, anajitunza, hata soda hanywi. Mwaka mmoja tu, wa kumsaidia Sesko. Nauliza tu wakuu.

Mkanda Misuli

Mkuu huyo Lewandowski unayemuuliza kaumia mwezi huu huu akiwa na Poland, Clasico ya kesho na Real Madrid hayupo. Nyama za paja.